Nadhiri ya Bi Mwanjaa na Mti Ulionakiliwa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mwenye kiti akikalie na mwenye mkeka aunyooshe, kwani fumbo nililo nalo halifumbuliwi na kichwa kimoja. Namshukuru Mola aliyegawa vipawa kwa mizani anayoijua Mwenyewe, akampa huyu jicho, yule mkono na mwingine swali, ili asiwepo mja wa kusema: mimi nimejitosheleza.

Walikuwako vijana watatu mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, waliosoma chuo kimoja tangu udogo, na walipokua wakajifunza pamoja ufundi wa kuandika programu za kompyuta.

Wa kwanza ni binti, Mwanakombo, naye alipewa jicho. Lililobadilika, hata kwa unywele, halikumpita. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu ukimficha sukari, hatakuuliza sukari iko wapi. Atakuuliza kwa nini kopo la chumvi limehama."

Wa pili ni Shekue, Msambaa aliyeshuka mjini angali mdogo kutoka milima ya Lushoto, naye alipewa mkono wenye stahamala. Akiishika kazi huifuata mpaka mzizi wa mwisho. Akiitwa kula hujibu "Naja," na wali hupoa, hupashwa moto, hupoa tena.

Wa tatu ni Hemedi, mpole wa sauti na mkaidi wa maswali. Yeye alipewa kujua kilicho nyuma ya kitu. Taa ikiwaka watu wakashangilia, Hemedi huuliza waya umepita wapi.

Watatu hawa waliujengea ukoo wa Bi Mwanjaa programu waliyoiita Shina, yaani mti wa ukoo mzima ndani ya kompyuta. Kila mtu alikuwa na kisanduku chake: jina lake, wazazi wake, watoto wake, na jambo ambalo miti mingi ya ukoo hulisahau, nalo ni nani alimnyonyesha nani. Mnajua nyote kwamba katika sheria yetu waliolinyonya ziwa moja wakiwa wachanga ni ndugu, na nikahi baina yao ni haramu kama baina ya ndugu wa tumbo. Kwa hiyo Shina likitajiwa majina ya wachumba, huchora uzi kati yao. Ukiwa wa kijani, heri. Ukiwa mwekundu, ndoa hakuna.

Shina liliandikwa kwa lugha ya JavaScript, juu ya kiunzi. Kiunzi ni nini? Ni kama nguzo na boriti zilizokwisha kuchongwa na mafundi wengine, wewe ukaja na kuta zako na bati lako. Tena ndani yake waliweka kitufe kilichoandikwa Nakili, ili mwalimu wa darsa za dini apate mti wa pili wa kuchezea mifano bila kuugusa ule wa asili. Hivyo ndivyo walivyokusudia, na Mungu ndiye mwenye kulipa makusudio.

Basi ikawadia, katika Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, siku ya kumwoza Zaitun, mjukuu wa Bi Mwanjaa, kwa kijana aitwaye Mbaraka. Nikahi ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri. Kabla ya adhuhuri nyumba ilikwisha kufurika. Uani masufuria ya pilau yalifoka, barazani wanaume walikuwa wakirekebishana vilemba, na sebuleni wanawake walimtania bibi harusi hata akasahau kuona haya.

Bi Mwanjaa, kwa furaha iliyomjaa, akasema, "Mwanakombo, mwanangu, hebu ufungue huo mti wenu wageni wauone. Waone wajukuu zangu hawa walivyo mbali kwa damu na karibu kwa mapenzi."

Mwanakombo akaifungua kompyuta, akaandika jina la bwana harusi na jina la bibi harusi, akabonyeza. Uzi ukajichora polepole kutoka jina hadi jina. Ulikuwa mwekundu.

"Mmeupaka rangi ya harusi?" akauliza shangazi mmoja.

Mwanakombo alisogea karibu na skrini. Alikuwa anakitazama kisanduku cha marehemu Bi Hidaya, mama mzazi wa Zaitun. Humo, miongoni mwa watoto aliowanyonyesha, palisomeka: Mbaraka.

Ikiwa ni kweli, wapenzi wangu, basi wawili wale ni kaka na dada, leo na hata kaburini.

Akaitwa mama yake Mbaraka. Akaulizwa. Akasema, "Nilipojifungua nilishikwa na homa mwezi mzima. Mwanangu alipita mikono mingi. Nani alimpa ziwa, nani alimpa maji ya mchele, Mungu ndiye ajuaye. Siwezi kuapa. Nikiapa, nitakuwa nimeapia usingizi wangu."

Zaitun hakulia. Alianza kuvua vikuku vyake, kimoja kimoja, akivipanga juu ya mkeka.

"Viache, mwanangu," akasema Bi Mwanjaa.

"Niendelee kumpambia nani, Bibi? Kaka yangu?"

Akaitwa Sheikh Muhidini, aliyekuja kufunga nikahi. Akausoma mwandiko kwenye skrini, akavua miwani, akaivaa tena. "Kanuni yetu ni kwamba yakini haiondolewi na shaka," akasema. "Lakini hili lina uzito kuliko shaka. Ni maandishi, na ukoo huu ulikula yamini kwamba haliandikwi jambo humu bila shahidi. Ni nani aliyeliandika?"

Hapo Ustadhi Nasoro, mwalimu wa darsa la wanawake, akainua mkono kama mwanafunzi aliyechelewa. "Sheikh, Ramadhani nilitoa mfano kama huo. Niliwaambia, tuchukulie Bi Hidaya alimnyonyesha Mbaraka, je, nani amekuwa haramu kwa nani? Lakini niliufanya katika nakala! Nilibonyeza Nakili kwa kidole hiki hiki. Mti wa asili sikuugusa."

"Na majina ya walio hai umeyatafutia nini?" shangazi akamfokea. "Zaidi na Amri, wale wa mifano ya vitabuni, wamekufa?"

"Zaidi na Amri wanawasinzisha, Shangazi. Wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kukoroma."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya kwa kucheka. Sheikh akaendelea, "Ikiwa Ustadhi aliandika katika nakala, basi lililo katika asili limetoka kwa wazee, katika kikao cha Mfunguo Mosi yalipotajwa mengi ya watoto walionyonyeshwa." Wakaulizwa waliohudhuria. Huyu akasema hakulisikia jina la Mbaraka, yule akasema huenda lilitajwa, wa tatu akasema siku ile alikuwa anaumwa sikio.

"Sitaifunga ndoa hii mpaka nijue neno hili limeingiaje," akahukumu Sheikh. "Alasiri ikifika nasi hatujui, wageni watawanyike kwa salama."

Kila aliyekuwapo alijua maana yake. Harusi iliyovunjwa kwa tuhuma ya udugu hairudiwi. Hata tuhuma ikibatilika kesho, midomo ya watu haishoneki.

Ndipo Bi Mwanjaa akaingia chumbani, akatoka na Mswahafu, Kurani nzima iliyoandikwa kwa mkono na babu yake, herufi kwa herufi, kwa wino wa masizi, hata macho yake yakafifia. Akauweka juu ya mapaja. "Wallahi, ninaweka nadhiri mbele yenu. Atakayemwondolea mjukuu wangu utata huu kabla ya alasiri, Mswahafu huu ni wake."

Sasa sikilizeni kazi ya kila mmoja, na msiharakishe kuhukumu.

Mwanakombo ndiye aliyeanza. Akamwuliza, "Ustadhi, jina lile uliliongeza katika nakala. Baadaye ulilifuta?"

"Nilifute la nini? Nakala yenyewe niliitupa nzima."

Macho ya binti yakang'aa. Alikuwa na mti uliohifadhiwa tangu Shaabani, kabla ya darsa na kabla ya kikao, na ndani yake Bi Hidaya hakuwa amemnyonyesha Mbaraka. Akaufungua mbele ya watu wote. Akabonyeza Nakili. Katika nakala, na katika nakala peke yake, akaandika mfano wa Ustadhi. Kisha akaurudia mti wa asili, ambao hakuna kidole kilichougusa, akakifungua kisanduku cha Bi Hidaya.

Mbaraka alikuwamo!

"Pepo!" wakapiga kelele akina mama. "Someni Ayatul Kursi!"

"Si pepo, ni sisi," akasema Mwanakombo, naye ameruka kutoka kitini. "Nakala yetu ilikuwa ya juu juu. Tulichora njia mpya kuelekea kisima kile kile cha zamani. Visanduku havikunakiliwa, vilinakiliwa vielekezi vyake tu, yaani njia za kuvifikia. Anayetia chumvi kwa njia mpya, anayeteka kwa njia ya zamani ataionja ndooni mwake."

Zaitun akanyanyua kichwa. Mbaraka, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu hakujua tena kama ruhusa ya kuingia anayo kwa uchumba au kwa udugu, akasogea hatua.

Lakini Sheikh Muhidini, Mungu amrehemu kwa uthabiti wake, hakuridhika. "Mmenionyesha mlango uliokuwa wazi. Je, huo peke yake ndio uliopitwa? Labda programu yenu ina matundu mengine nisiyoyaona. Huu mlango mmoja uzibeni, msibadilishe lingine lolote, kisha mrudie yote. Nakala iwe sawasawa na asili, pasipungue mtu wala pasizidi. Mfano ukiandikwa tena na asili ikasalimika, hapo nitaridhika."

Shekue ndiye aliyefuata. Kwanza walijaribu njia ya mkato, ya kuugeuza mti wote kuwa maandishi matupu kisha kuyajenga upya, lakini kompyuta ikakataa katakata. Basi Shekue akakunja mikono ya kanzu, akaandika amri zake mwenyewe: ingia katika kisanduku, nakili kila kilichomo, na ukikuta kisanduku kingine ndani, kiingie nacho ufanye vilevile. Akaamuru. Kompyuta ikavuma kama nyuki, kisha ikazimia.

"Imekufa?" akauliza Ustadhi.

"Imechoka," akajibu Shekue akifuta jasho. "Baba anaelekeza kwa mwana, na mwana anaelekeza kwa baba. Imetoka kwa baba kwenda kwa mwana, ikarudi kwa baba, ikaenda tena kwa mwana. Ingetembea hivyo mpaka Kiyama."

Mtu mwingine angekata tamaa. Shekue akaagiza chai, asiinywe. Akaweka mlinzi wa kumbukumbu mlangoni mwa kila kisanduku. Kazi yake ni kuuliza: huyu nimekwisha kumnakili? Kama bado, nakili umkumbuke. Kama tayari, usimwingie tena, mwelekeze mgeni kwa nakala yake. Akaamuru mara ya pili. Skrini ikatulia. Mti mpya ukasimama wote, kuanzia mababu mpaka vitukuu, na kila kisanduku kipya kwelikweli. Ndani ya kisima kipya mlikuwa na maji yake chenyewe.

"Allahu Akbar!" wakaitikia barazani, na kigelegele cha kwanza kikapigwa.

Shangazi, aliyekuwa akisoma majina kwa kidole, akakikatiza. "Ngojeni kwanza. Mbona Bi Mwanjaa wako wawili?"

Wakaangalia. Kweli! Bi Mwanjaa mmoja alikuwa mama wa wanawe, na Bi Mwanjaa wa pili alikaa kando, bibi yake Zaitun. Jina moja, siku moja ya kuzaliwa, visanduku viwili.

"Mimi mmoja nimewashinda miaka yote hii," akasema Bi Mwanjaa, "wawili mtawaweza?"

Watu walicheka hata wakalia, lakini Sheikh alitikisa kichwa. "Nilisema pasizidi mtu. Nakala yenye bibi wa ziada haiwezi kunitolea ushahidi." Nje vivuli vilikuwa vimerefuka, na mwadhini alikwisha kupita njiani akielekea msikitini, akipunga mkono kama mtu asiyejua alichokibeba.

Shekue akaisoma upya kazi yake, mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Mwanakombo akaisoma. Hakuona kosa.

Hemedi ndiye aliyemalizia. Yeye muda wote alikuwa anakiangalia kiunzi badala ya kuuangalia mti. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani hiki kiunzi kinajuaje kwamba jina limebadilika, hata kikaubadilisha ukurasa bila kuambiwa?"

"Hemedi, huu si wakati wa maswali yako!" akasema Shekue.

"Ndio wakati wake hasa. Kinajua kwa sababu kila kisanduku kimevishwa pazia. Anayekigusa hugusa pazia kwanza, nalo hupeleka habari. Lakini visanduku vingine tulivitia ndani kabla ya pazia, vikabaki na njia zinazofika kwa Bibi bila kupita penye pazia lolote. Basi mlinzi wako, Shekue, amemwona Bibi mara moja akiwa na buibui, mara ya pili hana. Akadhani ni wanawake wawili."

"Mungu nisitiri," akasema Bi Mwanjaa, "sasa programu yenu imeniona bila buibui?"

Hemedi akaongeza mstari mmoja tu: kabla mlinzi hajauliza, pazia livuliwe, atazamwe mtu mwenyewe na si vazi lake. Wakaamuru mara ya tatu. Mti ukasimama. Shangazi akahesabu kwa kidole, akaanza upya, akapiga mkeka kwa kiganja. "Bi Mwanjaa mmoja! Hakuzidi mtu, hakupungua!"

Ustadhi Nasoro mwenyewe akaitwa. Kwa kidole kile kile akabonyeza Nakili, akaandika katika nakala kwamba Bi Hidaya alimnyonyesha Mbaraka, kisha wakafungua mti wa asili. Kisanduku cha Bi Hidaya kilikuwa safi kama kilivyokuwa tangu Shaabani.

Sheikh akasimama. "Sasa nimejua. Neno hili liliandikwa kuwa mfano, likavuja, na kasoro iliyolivujisha ni hii moja. Halina shahidi, wala hakuna aliyelitamka kikaoni kwa yakini. Lifuteni. Asili ya ndoa hii ni uhalali, nayo inarudi kwenye asili yake." Kabla hajamaliza, adhana ya alasiri ikapaa, na vigelegele vikapaa nayo hata jirani wakadhani nikahi imekwisha. Zaitun alitafuta vikuku vyake kwenye mkeka kwa mikono miwili, akivivaa ovyo, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Mbaraka alikimbilia udhu, akarudi kwa sababu alikuwa amevaa ndara za mwenzake.

Wakaswali. Nikahi ikafungwa. Pilau likapakuliwa. Lakini Bi Mwanjaa aliketi na Mswahafu mapajani, sinia mbele yake, asitie mkono.

"Nimeweka nadhiri," akasema, "na nadhiri ni deni kwa Mwenyezi Mungu. Sitaonja pilau la mjukuu wangu mpaka niilipe. Nani mwenyewe?"

"Mgonjwa asiyejulikana maradhi yake hutibiwa nini?" akasema Mwanakombo. "Wenzangu hawa wangekuwa bado wanawahoji wazee wenye masikio mabovu."

"Kujua kwamba kisima kina chumvi hakumnyweshi mtu maji matamu," akajibu Shekue. "Nani aliyechimba kisima kipya? Hemedi aliongeza mstari mmoja. Mmoja!"

"Ni kweli, ni mmoja," akasema Hemedi. "Bila huo, mngekuwa mmempelekea Sheikh bibi wawili, na bwana harusi angekuwa anaagana na dada yake."

Ustadhi akashauri Mswahafu ugawanywe juzuu kumi kumi. Bi Mwanjaa akamtazama mpaka akainama. "Uukate uzi alioshona babu yangu? Hebu kula pilau, Ustadhi." Shangazi akasema upigwe picha, kila mmoja apate yake. "Sikuwekea picha nadhiri." Wengine wakasema uwe wao wote watatu, ukae zamu kwa zamu. Bibi akamgeukia Sheikh, naye Sheikh akamwuliza alinuia nini alipotamka. "Nilinuia mtu mmoja," akasema Bibi, "aupokee, ausome, aurithishe." Sheikh akavuta pumzi. "Basi nia imekwisha kukufunga. Mimi ni wa kuhukumu ndoa, hili limenipita."

Akaitwa bibi harusi mwenyewe aamue. Zaitun akawatazama watatu wale, mmoja baada ya mwingine, na kila alipofungua mdomo kulitaja jina, jicho lake liliangukia mwingine. Akajifunika uso kwa mtandio, akasema, "Bibi, nimepata mume kwa mikono yao. Usinitake nichague mkono."

Hivyo pilau linapoa, na mwanamke mzima wa umri ule ana njaa kwa ajili ya ahadi yake. Jicho liliiona kasoro, mkono ukaiziba, swali likakikamilisha kizibo. Ondoa lolote katika matatu hayo, na Zaitun angekuwa amekivua kikuku cha mwisho.

Msiniambie wote wanastahili, kwa maana hilo Bi Mwanjaa analijua, na halijamshibisha. Msiniambie ni kazi ya Mungu, kwa maana Mungu hakukataa wala hakuomba kupokea Mswahafu ule kwa mikono yake. Mikono iliyonyooshwa mbele ya Bibi ni ya watu watatu, na kitabu ni kimoja.

Basi wewe uliyenisikiliza, chukua nafasi ya Bi Mwanjaa juu ya mkeka, hisi uzito wa kitabu juu ya mapaja yako, na utaje jina moja. Ungemkabidhi nani?